Ngazi na Walioipanda: Historia Fupi ya Elimu na Madaraja ya Watu Katika Kenya



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na hesabu ya fedha, habari za mikutano, na majina ya wenzetu waliotutangulia mbele ya haki. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze sura moja ya historia. Sababu ni kwamba katika Mkutano Mkuu ujao litaletwa jambo la Mfuko wa Elimu, na jambo hilo haliwezi kuamuliwa vema na mtu asiyejua tulikotoka. Sisi tunaoandika si wanachuoni. Kazi yetu ni ukarani, na kwa muda sasa tumelitunza faili la maombi ya karo. Tuliyoyaona katika faili hilo ndiyo yaliyotufanya tuulize habari za zamani.

Waliokwenda shule kwanza

Watu wengi hudhani kwamba shule ilianza kwa watoto wa wakubwa, kisha ikawashukia wadogo. Katika sehemu nyingi za nchi hii mambo yalikwenda kinyume.

Tuanze Pwani. Mwaka wa 1875 Wamisionari wa C.M.S. walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wawaweke humo watumwa waliookolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza. Hata leo kengele ya kijiji hicho ipo, na mahali penyewe huitwa Kengeleni. Watu wale hawakuwa na ukoo wa kuwatetea, wala shamba la urithi. Walakini walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, na baada ya muda wengi wao wakawa waalimu, mafundi na makarani. Mtoto mmoja aliyetekwa bara na kuokolewa baharini aliitwa Mbotela. Mwanawe, James Juma Mbotela, akawa mtu wa kalamu, na mwaka wa 1934 kitabu chake kiitwacho Uhuru wa Watumwa kikachapishwa. Katika ukoo huo huo alitoka Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa mwaka wa 1952, na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana katika kila nyumba yenye redio. Toka mtumwa mpaka mwandishi hapakuwa na safari ndefu. Ilikuwa ya baba na mwana tu.

Bara nako palikuwa hivyo. Misheni ya Waskoti ilifika Kikuyu mwaka wa 1898, na shule ya Maseno ilianzishwa mwaka wa 1906. Mzee mwenye ng'ombe na mashamba hakuona sababu ya kumtoa mwanawe akakae na wageni, aimbe nyimbo asizozijua na kuacha mila za baba zake. Chifu aliyeamriwa kupeleka mtoto, mara nyingine alipeleka mtoto wa jamaa maskini, mwanawe mwenyewe akabaki na mifugo. Waliokwenda kwa hiari yao mara nyingi walikuwa yatima, wasio na ardhi, na vijana waliotafuta nguo na chakula. Wakikuyu waliwaita athomi, maana yake wasomaji. Wajaluo waliwaita jonanga, watu wa nguo. Majina hayo hayakuanza kwa heshima. Yalikuwa na dhihaka ndani yake, kama tunavyomcheka mtu aliyeacha kwao akaiga ya watu.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Kamau wa Ngengi, aliyefiwa na baba yake angali mdogo, akaenda Thogoto mwaka wa 1909. Alifanya kazi ya jikoni kwa Mzungu ili apate kusoma. Mwaka wa 1922 alikuwa katika idara ya maji ya Manispaa ya Nairobi, akitunza stoo na kusoma mita. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Jomo Kenyatta.

Kalamu na mshahara

Ni kitu gani basi kilichogeuza dhihaka hiyo ikawa wivu? Ni kodi na mshahara. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na nyuma yake zikafuata ofisi, maduka, mahakama na mashamba ya masetla. Kodi ya nyumba ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mtu asiyejua kusoma aliipata fedha hiyo kwa jembe na kwa mzigo. Aliyejua kusoma aliipata kivulini, tena zaidi, na hakuna aliyemsukuma kwa fimbo. Serikali nayo, iliyofungua Idara ya Elimu mwaka wa 1911, ilihitaji makarani na mafundi Waafrika kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wale walioletwa kutoka Bara Hindi.

Wakubwa walipoyaona hayo, waliipima dunia upya. Chifu Koinange wa Mbiyu alimsomesha mwanawe Peter Mbiyu hata Marekani, alikokwenda mwaka wa 1927, na aliporudi mwaka wa 1938 alikuwa na shahada. Chifu Josiah Njonjo naye alimsomesha mwanawe Charles katika Alliance, kisha Budo huko Uganda, kisha Fort Hare huko Afrika ya Kusini, kisha London. Naye akawa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya huru, mwaka wa 1963. Hatusemi neno la kuwalaumu wazee hao. Kila mzazi mwenye akili angefanya vivyo hivyo kama angaliweza. Twasema tu kwamba ngazi iliyoanza kupandwa na yatima sasa ilikuwa na watu wa kuishikilia.

Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoundwa tangu katikati ya miaka ya 1920, yalikusanya fedha za elimu kwa watu wote, mwenye ng'ombe mia na mjane mwenye kibanda kimoja. Kwa juhudi za mabaraza hayo zilipatikana shule za Kakamega, Kagumo na Kisii. Lakini nafasi zilikuwa chache, na karo ilikuwa juu ya mzazi. Mjane alichanga kwa ajili ya shule. Kumwingiza mwanawe ndani yake lilikuwa jambo jingine.

Haifai tusahau kwamba juu ya madaraja haya yetu palikuwa na daraja kubwa zaidi, nalo lilikuwa la rangi. Mwaka wa 1942 elimu ilifanywa kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi katika miji mikubwa. Mtoto wa Kiafrika hakutajwa. Katika kazi za serikali, Tume ya Holmes ya mwaka wa 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Hata Tume ya Lidbury ya mwaka wa 1954 iliposhauri kwamba mishahara ya kufuata rangi iondolewe. Basi karani wa Kiafrika aliishi kati ya dari na sakafu. Nyumbani aliitwa bwana mkubwa. Ofisini aliitwa boi.

Jambo la kusifiwa ni kwamba wengi wao hawakukaa kimya. Harry Thuku alikuwa mpokeaji wa simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Mwaka wa 1921 alisimama kuzungumzia kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ya vibarua, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwa kibarua. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokuja kumdai wakapigwa risasi. Mwaka ule ule wa 1921 waliosoma Maseno, wakiongozwa na mwalimu Jonathan Okwiri, waliunda chama kilichoitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Na mwaka wa 1923 kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Hii ndiyo asili ya vyama vya namna ya chetu. Vilianzishwa na watu waliopata kalamu, wakaitumia kwa ajili ya wasioipata.

Mlango mwembamba

Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwezi wa Machi 1926, na kwa miaka mingi ilikuwa mojawapo ya milango michache sana ya elimu ya juu kwa kijana wa Kiafrika. Shule ya juu ya wasichana Waafrika haikufunguliwa hapo Kikuyu mpaka mwaka wa 1948, yaani miaka 22 baadaye. Kamati ya Archdeacon Beecher ya mwaka wa 1949 ikaleta mpango wa miaka minne, minne tena, na minne tena. Katika mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa mashindano, na wengi waliishia hapo, wangali watoto wa miaka kumi na kitu.

Mtihani ule ulikuwa mmoja kwa wote, na kwa hiyo ulionekana kuwa wa haki. Lakini tutazame watoto wawili waliokuja kuufanya. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu: nyumbani mna taa, mna gazeti, na Kiingereza husikika mezani, jioni baba yake humuuliza hesabu. Wa pili ni mtoto wa kibarua: huamka kukamua, huchelewa shule wakati wa mavuno, na usiku moto wa kuni ukizimika naye hulala. Karatasi ya maswali haikuuliza habari hizo. Ilihesabu alama tu, na wa kwanza akaambiwa ana akili, wa pili akaambiwa hana.

Wako waliopenya, na tunawataja kwa furaha, lakini tutazame walivyopenya. Tom Mboya alizaliwa katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mnyapara. Alisoma Mang'u, lakini karo iliisha kabla ya masomo, akaacha. Alikwenda Jeanes School, Kabete, akafunzwa ukaguzi wa afya, kwa sababu huko alisoma bila kulipa. Alipopata nguvu katika vyama vya wafanyakazi na siasa, hakusahau. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliruka kwenda Marekani ikiwa na vijana 81, na kwa miaka michache iliyofuata mamia wengine wakafuata. Fedha za matumizi zilichangwa vijijini kwa mikutano ya chai, shilingi kwa shilingi. Mtu aliyefukuzwa na karo ndiye aliyewatafutia wengine njia.

Katika waliokwenda mwaka wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Baba yake alifanya kazi kwa setla huko Nakuru. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikwenda shule kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao mbona Wangari haendi, na mama akakubali, ijapokuwa alihitaji mikono ya binti yake shambani. Mwanamke huyo alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1971, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Wazee wetu, tulifikirie swali hilo moja la kijana mdogo. Ni wasichana wangapi wa kijiji kile ambao hakuna aliyeuliza kwa ajili yao?

Rangi ikaondoka, fedha ikabaki

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 palikuwa na watoto 891,553 katika shule za msingi, na wanafunzi 30,120 tu katika shule za sekondari. Tume ya Ominde ilishauri shule za rangi zikomeshwe, zikakomeshwa. Hata hivyo shule zilizokuwa za Wazungu zilibaki na majengo yake, viwanja vyake, na karo yake kubwa. Zamani mtoto wa mpishi alizuiliwa langoni kwa sababu ya ngozi yake. Sasa lango lilikuwa wazi kabisa, ila mpishi hakuweza kulipa. Aliyeweza ni Mwafrika mwenzake aliyekalia kiti cha Mzungu ofisini, naye mara nyingi alikuwa mtoto wa wale wasomaji wa kwanza.

Wananchi hawakukata tamaa. Kwa Harambee walijenga shule za sekondari kila pembe ya nchi, na kazi hiyo ni fahari ya Kenya. Lakini nyingi hazikuwa na maabara wala waalimu wa kutosha. Maskini alichanga kujenga, akalipa karo, akapewa elimu iliyo hafifu kuliko ile ya shule za serikali, ambako wengi waliingia kwa kuandaliwa vema tangu utoto.

Mwezi wa Desemba 1973 Serikali ilitangaza kwamba karo imeondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka wa 1973 waliokuwa katika darasa la kwanza walikuwa kama 379,000. Mwaka wa 1974 wakafika kama 959,000. Hesabu hiyo yatuonyesha kwamba maskini hakuwahi kuidharau elimu. Lakini madarasa hayakutosha, shule zikadai fedha za majengo, na mahali pengine fedha hizo zilizidi ile karo iliyoondolewa. Wengi wakarudi nyumbani. Mwaka wa 1988 sera ya kugawana gharama ikaongeza mzigo wa wazazi. Kisha mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo tena, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge mwenye miaka 84 alivaa sare akaingia darasa la kwanza. Alikuwa amengoja maisha yake yote.

Waliokuwa na uwezo walifanya nini shule za umma zilipojaa? Waliwatoa watoto wao, wakawapeleka katika shule za kulipia. Watoto hao walipata alama nyingi, wakachukua sehemu kubwa ya nafasi katika shule za kitaifa, ambazo ni za umma na karo yake ni nafuu. Ubishi ukawa mkubwa, hata kwa wanafunzi wa mwaka wa 2011 Serikali ikaweka mgao wa kuwapa nafasi zaidi waliotoka shule za umma. Mtihani ule wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mfumo mpya umeingia. Mfumo huo nao unataka vifaa, intaneti, na mzazi mwenye nafasi ya kukaa na mtoto. Katiba ya mwaka wa 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo; lakini sare, sanduku, godoro na nauli havikuandikwa humo.

Somo la historia hii, kama tunavyoliona sisi, ni fupi. Kila mara mlango ulipopanuliwa, waliopita mbele walikuwa wale waliokuwa karibu nao. Hawakupita kwa hila. Walipita kwa sababu walijua siku ya kuja, walikuwa na karatasi zilizotakiwa, na walikuwa na mtu wa kuwasemea. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Jambo la kuamua

Sasa tuseme habari zetu wenyewe. Mfuko wetu wa Elimu hutaka mwombaji alete risiti za ada ya uanachama za miaka mitatu, barua ya shule, na fomu iliyojazwa kwa Kiingereza. Na tangazo lake hubandikwa ofisini mjini. Tulipolipitia faili tuliona kwamba wengi waliosaidiwa ni watoto wa watu wenye mishahara, nasi makarani tukiwamo. Hatukuona udanganyifu wowote. Kila shilingi ina risiti yake.

Lakini alikuja bibi mmoja ofisini, na barua ya mjukuu wake imefungwa katika pindo la leso. Baba wa mtoto alikuwa mwanachama, akafariki, na ada ikakoma siku ile alipokoma yeye. Hakuwa na risiti, na fomu hakuweza kuisoma. Tulimweleza sheria kwa adabu, kisha tukaandika barua ya kumkataa, tukaweka nakala katika faili. Barua ile ilikuwa sahihi kwa kila neno, na tangu siku hiyo hatujaona raha nayo.

Wako wanachama wasemao kwamba aliyechanga ndiye apaswaye kuvuna, na kwamba mwenye mshahara naye siku hizi karo humlemea. Neno hilo ni la kweli na halifai kudharauliwa. Pasipo michango yao hakuna Mfuko. Lakini twauliza: wazee walioanzisha vyama vya namna hii, wangalifuata kanuni hiyo, wangalimsaidia nani? Wengi wetu tukirudi nyuma vizazi viwili au vitatu twamkuta yatima, mtu asiye na ardhi, au mtoto aliyepikia watu ili apate kusoma. Hakuna hata mmoja wao ambaye angepita katika fomu yetu.

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu ufikirie mambo manne. Kwanza, nusu ya Mfuko itengwe kwa watoto ambao nyumbani kwao hakuna mtu wa mshahara. Pili, yatima wa mwanachama ahesabiwe kuwa mtoto wa Chama, hata kama ada ilikoma. Tatu, fomu iandikwe kwa Kiswahili, na wajumbe waende vijijini kabla ya Januari kuwatafuta wanaostahili, badala ya kuwangoja mjini. Nne, msaada ufike hata kwa sare, sanduku na godoro, maana wako wanaorudishwa langoni kwa vitu hivyo ilhali karo imelipwa.

Uamuzi ni wenu. Sisi wajibu wetu ni kuandika mtakalolikubali na kulitunza katika faili. Twaomba tu kwamba yule bibi akija tena mwaka ujao, tuwe na barua nyingine ya kumwandikia.